Nazi mbili kwa siku moja: wali, kunde na ndizi mbivu kwa familia ya watu sita

MkunaNazi_Ngamiani (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mdogo wangu wa kike ameolewa na kuhamia Dodoma, na kila wiki hunipigia simu kuniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: kwa nini nazi zake huisha upesi, na kwa nini chakula chake hakifanani na cha nyumbani. Nimechoka kumjibu vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo nimeamua kuandika hapa jinsi tunavyopika nyumbani kwetu Tanga siku ya kawaida, isiyo ya sikukuu wala ya mgeni, kwa watu sita na nazi mbili tu, ili yeye asome na wengine wenye tatizo kama lake wafaidike.

Jambo ninalotaka lieleweke kabla ya vipimo vyovyote ni kwamba nazi hukamuliwa mara tatu, na kila mkamuo una sufuria yake. Wengi wanaolalamika kwamba nazi ni ghali huikamua mara moja kwa maji mengi, wakalimimina tui lote katika chungu kimoja, kisha wakatupa machicha ambayo bado yana mafuta. Bibi yetu alikuwa na mabakuli matatu yaliyopangwa kando ya kifumbu, na mtoto aliyechanganya tui la bakuli moja na la jingine alirudishwa kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi nyingine. Mimi nimelikalia lile mbuzi mara nyingi kuliko dada zangu wote.

Tuanze na nazi yenyewe. Chagua nazi kavu, si koroma, kwa sababu koroma haijajenga mafuta ya kutosha na tui lake huwa maji maji. Ishike mkononi uone kama ni nzito kwa ukubwa wake, itikise karibu na sikio usikie maji yakicheza ndani, kisha uyatazame yale macho matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe. Ukiivunja, onja maji yake kabla ya kufanya lolote jingine, maana maji yenye uchachu ni dalili kwamba nyama yake nayo imeharibika. Unapokuna, simama kabla hujafika kwenye ganda la kahawia lililoshikana na kifuu, kwa sababu unga wa ganda hilo hulitia tui weusi na uchungu kidogo.

Mkamuo wa kwanza hutaka maji ya vuguvugu kikombe kimoja tu (kikombe changu ni cha mililita 250) kwa nazi zote mbili. Mimina, sukasuka kwa vidole kama dakika mbili, kisha kamua kwa nguvu. Utapata kama kikombe kimoja na nusu cha tui zito, ambalo liweke kwenye bakuli lake na ulifunike kwa sahani. Wazee wa pwani huita kasimele lile tui zito kabisa la mwanzo. Mkamuo wa pili ni wa vikombe viwili vya maji, nao utakupa tui la kadiri. Mkamuo wa tatu ni wa vikombe sita, na tui lake litakuwa jepesi, jeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Baada ya hapo machicha ni ya kuku.

Tui la tatu ni la wali. Osha robo tatu ya kilo ya mchele, uchuje. Pima tui lako la tatu na uliongeze maji hadi lifike vikombe saba, tia chumvi, bandika, na likianza kuchemka mimina mchele na ukoroge mara moja tu ili usishike chini. Mchele mpya hunywa maji machache, kwa hiyo ukijua kwamba ni wa mavuno ya karibuni punguza kikombe kimoja. Maji yakikaribia kukauka na ukaona vishimo vidogo juu ya wali, punguza moto, funika, na upalie makaa juu ya mfuniko. Mwenye jiko la gesi aweke moto wa chini kabisa, afunike kwa kitambaa safi chini ya mfuniko na kuzikunja ncha zake juu zisiguse moto, kisha auache kwa dakika kumi na tano bila kufunua. Kufunua funua ndiko kunakozaa wali wenye kiini.

Kunde huchukua kikombe kimoja cha tui la pili na nusu kikombe cha tui la kwanza. Roweka nusu kilo ya kunde tangu usiku, uzichemshe kwa maji matupu mpaka ukibonyeza moja kati ya vidole inapasuka bila ubishi, kisha umwage maji yaliyozidi. Tia kitunguu maji kimoja kilichokatwakatwa, nyanya mbili zilizokwaruzwa, punje tatu za kitunguu saumu kilichopondwa, manjano kwenye ncha ya kijiko, chumvi, na tui la pili. Acha zichemke hadi nyanya ipotee na mchuzi uanze kushikana. Hapo ndipo unapoongeza tui la kwanza, unapunguza moto na kukoroga polepole upande mmoja, na unatumbukiza pilipili mbuzi nzima, isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila kuwachoma watoto. Baada ya dakika tano au sita, epua. Anayetumia maharage mekundu badala ya kunde ahakikishe yamechemka kwa nguvu angalau dakika kumi mwanzoni kabla ya kuyaacha kwenye moto mdogo, kwa sababu maharage ya aina hiyo yasiyoiva vizuri huumiza tumbo vibaya.

Kilichobaki, yaani kikombe kimoja cha tui la pili na kikombe kimoja cha tui la kwanza, ni cha ndizi mbivu, ambazo kwetu huliwa baada ya chakula cha mchana au hubakizwa mpaka jioni. Tafuta ndizi za mzuzu sita zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa na madoa meusi. Zimenye, zipasue kwa urefu, toa ule uzi wa katikati, na uzipange kwenye sufuria pana zisipandane sana. Nyunyiza sukari vijiko vitatu vya chakula, hiliki tano zilizotwangwa na chumvi kidogo sana, kisha mimina tui la pili. Zikichemka kwa dakika kumi, mimina tui la kwanza juu yake na upunguze moto. Usitie mwiko tena, maana ndizi zitavunjika na kuwa uji. Shika sufuria kwa masikio yake na uitikise taratibu. Tui likishakuwa zito kama maziwa ya mtindi na kuzizunguka ndizi, zima moto.

Mboga ya majani hupikwa pembeni kwa mafuta na kitunguu tu. Mezani tayari kuna nazi katika vyakula vitatu, na mchicha usio na nazi huwapumzisha walaji.

Bachela_wa_Ubungo

Dada Mkuna, nashukuru sana kwa maelezo haya. Mimi ninaishi peke yangu chumba kimoja, sina mbuzi wala kifumbu, na jirani aliyekuwa akiniazima mbuzi wake amehama. Je, mashine ya kusagia matunda inafaa? Pia naomba unisaidie jambo moja ambalo limenishinda kwa muda mrefu: kila nikipika mchuzi wa samaki wa nazi, tui langu hukatika na kuwa vipande vipande vyeupe vinavyoelea juu ya maji ya njano, hata kama nimefuata kila kitu nilichoambiwa. Ladha si mbaya, lakini sura yake inanitia aibu mbele ya wageni.

MkunaNazi_Ngamiani

Kaka Bachela, mashine inafaa, na siku za haraka hata mimi huitumia. Toa nyama ya nazi kwenye kifuu kwa kisu butu, kwangua lile ganda la kahawia kama una subira, ikate vipande vidogo na uisage kwa maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Ukisha, kamua kwa kitambaa cheupe safi au chujio la chai lenye matundu madogo. Tofauti utakayoiona ni kwamba tui la mashine huwa na chembechembe zaidi, kwa hiyo lichuje mara mbili. Maji yasiwe ya moto wala ya baridi. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ndiyo sababu mdogo wangu huko Dodoma, asubuhi za mwezi wa saba, hupata tui kidogo kuliko sisi wa pwani kutoka kwenye nazi zile zile: huzikamua kwa maji ya bomba.

Kuhusu tui kukatika, usione aibu, kwa maana hilo limenipata mahali pabaya kuliko pako. Wiki ya pili baada ya ndoa yangu, mama mkwe alikuja na wifi zangu wawili, nami nikataka kuonyesha kwamba nimetoka Tanga kweli. Nilipika samaki aina ya changu kwa ukwaju na nazi. Samaki alikuwa ameshaiva, tui zito lilikuwa ndani, na mimi kwa wasiwasi nikaonja nikaona uchachu hautoshi, nikamimina ukwaju mwingine moja kwa moja juu ya tui huku mchuzi unatokota. Ulikatika papo hapo, mbele ya macho yangu, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Mama mkwe alikula bila kusema neno. Alipomaliza aliniomba nimwonyeshe sufuria, akaitazama, akasema kwa upole: "Mwanangu, ukwaju ni wa kwanza, tui ni la mwisho."

Maelezo yake ni haya. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyazuia yasijitenge ni protini ya nazi yenyewe. Moto mkali na vitu vichachu huivuruga protini hiyo, mafuta yakakimbilia upande wake na maji upande wake. Kwa hiyo pika nyanya, ukwaju au ndimu kwanza kwa tui jepesi au maji mpaka uchachu ukolee na kutulia, onja, rekebisha, na uwe umemaliza kabisa habari ya uchachu kabla hujaligusa tui zito. Ukishalitia, usiruhusu mchuzi uchemke kwa mbubujiko mkubwa, usifunike sufuria, na usiache kukoroga mpaka uone mvuke umeanza na mapovu madogo yanatokea pembeni. Samaki akiwa ndani hutaweza kukoroga bila kumvunja, kwa hiyo chota mchuzi kwa upawa na uumwage juu yake, chota tena, umwage tena.

BiMkubwa_Kibokoni

Wanangu, nimeusoma uzi huu tangu mwanzo na nimefurahi kuona vijana wanaulizana mambo ya jikoni kwa adabu. Lakini wewe mwanangu wa Tanga, katika wali nakupinga. Wali wa tui la tatu si wali wa nazi, ni wali uliopitishwa karibu na nazi. Kwetu Mombasa wali hutiwa tui la pili lote, na tui la kwanza kidogo hunyunyizwa juu wakati maji yanakauka, kabla ya kupalia makaa. Punje huwa zinang'aa, na ukiukusanya kwa vidole unashikana bila kugandana. Ukoko wake nao huwa wa rangi ya dhahabu, na watoto huugombania.

Ningependa kuongeza chakula ambacho naona hakijatajwa, nacho ni mbaazi za nazi, ambazo kwetu ni za asubuhi pamoja na mahamri. Mbaazi kavu nusu kilo huzirowe­ka usiku kucha, kwa sababu mbaazi zina ukaidi kuliko kunde, na hazitiwi chumvi mpaka ziwe zimeiva. Huzichemsha mpaka zinaanza kupasuka. Kisha natia tui la pili vikombe viwili, kitunguu maji kimoja kilichokatwa vipande vyembamba, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa katikati, manjano kidogo na chumvi. Sitii nyanya. Nyanya katika mbaazi ni mambo ya siku hizi, na huzitoa ile rangi yake nzuri ya njano iliyopauka. Tui likipungua na mbaazi zikawa zinakaribia kukauka, natia kikombe kimoja cha tui zito, na ninaziacha kwenye moto mdogo hadi tui linashikana na mbaazi kama limepakwa.

Mahamri nayo hayana siri kubwa: unga wa ngano nusu kilo, sukari nusu kikombe, hiliki zilizotwangwa kijiko kimoja cha chai, hamira kijiko kimoja cha chai, na tui zito la vuguvugu la kutosha kuukanda unga mpaka uwe laini na uache kushika mkono. Usimimine tui lote kwa mara moja, kwa sababu kila unga una unywaji wake. Kanda robo saa kamili, si dakika tano. Acha uumuke mpaka uwe maradufu, gawa madonge, sukuma duara lisilo jembamba sana, kata mara nne, na uyapumzishe tena nusu saa kabla ya kuyatia kwenye mafuta ya moto. Hamri likitiwa mafutani huzama kidogo na kuibuka. Hapo hapo limwagie mafuta juu kwa upawa, nalo litafura.

MkunaNazi_Ngamiani

Shikamoo Bi Mkubwa. Nakubali kwamba wali wako ni bora kuliko wangu, na siku ya Ijumaa mimi mwenyewe hupika wa aina hiyo, lakini kwa kuongeza nazi ya tatu. Kwa nazi mbili, nikiupa wali tui la pili lote, ndizi zangu zitabaki yatima. Kuhusu nyanya katika mbaazi, hapo nimesahihishwa, nami sitabishana.

MkeWaMvuvi_Mwanza

Ndugu zangu wa pwani, naomba nafasi kwa niaba yetu sisi tulio mbali na minazi. Huku kwetu nazi hufika ikiwa imesafiri siku kadhaa, na mara nyingi ukiivunja unakuta imeharibika, kwa hiyo katika nyumba yangu kazi hiyo yote hufanywa na karanga.

Kikombe kimoja cha karanga mbichi, zilizochambuliwa vizuri, hutosha mchicha wa watu sita au dagaa wa kilo moja. Nasisitiza neno kuchambua, kwa sababu karanga yenye ukungu, iliyonyauka au yenye uchungu haifai kabisa kuliwa, na sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Zitwange ziwe unga laini, koroga unga huo kwa maji ya baridi vikombe viwili hadi usiwe na madonge, kisha uumimine kwenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kaangwa.

Karanga hutofautiana na nazi katika mambo mawili ambayo mpishi wa pwani akija huku humchanganya. Kwanza, tui la nazi huongezwa mwishoni na halitaki kuchemka sana, lakini karanga mbichi hutaka kuchemka kama dakika ishirini, ama sivyo mboga nzima itanuka ubichi. Pili, unga wa karanga huzama na kushika chini kwa haraka sana, na pia hufura ukamwagika, kwa hiyo usiondoke jikoni. Mchicha uliokwisha chemshwa kidogo na kukamuliwa maji huingia mwisho, dakika tano tu. Dagaa nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga wakauke, ndipo nawatumbukiza kwenye rojo ya karanga iliyokwisha iva.

Mhamiaji_wa_Maskati

Nawasalimu kutoka Maskati, ambako familia yetu ina wazee waliozaliwa Unguja na watoto waliozaliwa hapa, na wote wanakutana kwenye sinia moja. Nazi nzima hupatikana, lakini siku za kazi natumia tui la kopo, na ningependa kuwaeleza wenzangu wa ughaibuni jinsi ya kufuata utaratibu wa Dada Mkuna bila kukuna chochote. Tikisa kopo vizuri kabla ya kulifungua. Tui lilivyo ndani ya kopo ni sawa na tui la kwanza. Kwa tui la pili, changanya kiasi kimoja cha tui la kopo na viasi viwili vya maji. Kwa wali, vijiko vinne au vitano vya tui la kopo ndani ya vikombe saba vya maji vinatosha. Makopo mengi yana vitu vilivyoongezwa ili tui lisijitenge, kwa hiyo hukatika kwa nadra, ingawa kwa maoni yangu vitu hivyo huacha utelezi fulani ulimini. Soma pia maandishi ya kopo, usije ukapika kunde kwa tui lililokwisha kutiwa sukari, kama nilivyowahi kufanya mimi.

Kwa upande wa vitamu, nyumbani kwetu kaimati ndizo zinazowaunganisha wazee na watoto, kwa sababu Waarabu wa hapa wanazo pia na huziita kwa jina linalokaribiana na letu, lugeimati. Changanya unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kidogo, na maji ya vuguvugu vikombe viwili, ambavyo kimoja chake waweza kukifanya tui jepesi. Unga huu haukandwi kama wa mahamri; hupigwa kwa mkono ndani ya bakuli, ukiuinua na kuuangusha, hadi uvutike kama mpira na kutoa mapovu. Funika saa moja. Lowesha mkono wa kushoto, chota unga, uubane utokeze kati ya kidole gumba na cha shahada, na uukate kwa kijiko kilicholoweshwa uanguke kwenye mafuta. Mafuta yasiwe na moto mkali sana, kwa sababu kaimati zitaiva nje na kubaki mbichi ndani. Zigeuze bila kuchoka, nazo zitajiviringisha zenyewe.

Shira ni sukari vikombe viwili na maji kikombe kimoja, hiliki, na uvumilivu. Hapa nyumbani pana mgogoro wa kudumu: mama yangu hutia matone machache ya ndimu ili shira isigande, na kaimati zake hubaki zinang'aa na kunata, shangazi yangu hatii ndimu, huichemsha shira hadi iwe nzito kabisa, kisha huzisukasuka kaimati ndani yake mpaka sukari inaganda na kuwa koti jeupe lenye kukwaruza. Mimi hula za wote wawili na sijawahi kutamka ninazozipenda zaidi.

Fundi_wa_Vitumbua

Nitaongeza kwa ufupi kuhusu vitumbua, kwa kuwa nimeviuza asubuhi kwa miaka mingi hapa Unguja na najua malalamiko ya wanaovipika nyumbani: siku ya kwanza ni vitamu, baada ya saa mbili vimekuwa vigumu kama kokoto.

Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, uchuje, usage kwa tui la kikombe kimoja na robo hadi ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Hadi hapo kila mtu anajua. Kinachorukwa ni hiki: chota robo kikombe ya mchanganyiko huo, uongeze maji kikombe kimoja, uupike motoni huku ukikoroga mpaka uwe uji mzito, uache upoe, kisha uurudishe kwenye mchanganyiko pamoja na sukari nusu kikombe, hiliki na hamira kijiko kimoja cha chai. Uji huo ndio unaokifanya kitumbua kiwe laini ndani na kibaki hivyo hadi mchana. Ukiona uvivu wa kupika uji, saga mchele wako pamoja na konzi moja ya wali uliolala, matokeo yanakaribiana. Usitie uji wa moto, kwa sababu utaiua hamira, na usiku huo utalala ukingoja unga usioumuka.

Chuma cha vitumbua kipate moto sawasawa kabla ya tone la kwanza la mafuta. Jaza kila shimo robo tatu tu, na ugeuze pale kingo zinapokauka na katikati bado panatetemeka.

MkunaNazi_Ngamiani

Fundi, hilo la uji nimelisikia kwa mara ya kwanza na nitalijaribu kesho. Naomba pia niseme neno moja kuhusu uhifadhi, kwa kuwa nimeona swali hilo limeniletea ujumbe wa pembeni. Tui bichi halikai nje. Katika joto letu huanza kuchacha baada ya saa chache, kwa hiyo lisilotumika liingie kwenye friji na litumike kesho yake, au ligandishwe. Likitoka kwenye friji likiwa na tabaka gumu juu, halijaharibika. Ni mafuta yaliyoganda, na yatayeyuka kwenye moto mdogo. Chakula kilichopikwa kwa nazi nacho kisifunikwe kikiwa cha moto. Niliwahi kupika kunde za nazi kwa ajili ya hafla ya ofisini kwa mume wangu, nikazifunga kwenye chombo cha kuhifadhi joto saa kumi na moja alfajiri, na zilipofunguliwa saa saba mchana zilikuwa zinatoa mapovu. Kuanzia siku hiyo, chakula cha kubeba safari nakipika kwa mafuta.

Bachela_wa_Ubungo

Dada Mkuna, narudi kutoa taarifa. Jumamosi nilinunua nazi moja, nikagawa vipimo vyako vyote nusu kwa nusu, nikatumia mashine na kitambaa. Nilipanga mabakuli matatu mezani kama ulivyoagiza, lakini kwa kuwa nina bakuli moja tu, mengine mawili yalikuwa kikombe cha chai na kifuniko cha ndoo. Kunde zilifanikiwa, tui halikukatika, na ndizi nilizimaliza nikiwa nimesimama kando ya jiko. Wali wa tui la tatu ulikuwa na harufu nzuri ingawa kweli si nzito, kwa hiyo naanza kuelewa pande zote mbili, yako na ya Bi Mkubwa. Tatizo pekee ni kwamba nilifunua sufuria mara nne, na sehemu ya chini imeungua. Je, ule ni ukoko au ni wali ulioungua?

BiMkubwa_Kibokoni

Mwanangu, ukibanduka mzima kwa mwiko, rangi yake ni ya kahawia ya mdalasini na ukiuvunja unalia, huo ni ukoko. Mimina juu yake kijiko cha tui zito na ule. Ukiwa mweusi na unanuka moshi, tia maji kwenye sufuria, uilaze mpaka asubuhi, na usimwambie mtu.